Somo Yangu na Majina ya Kaya

Siku jina letu lilipofungua kamari, nilikuwa uani nageuza pweza juu ya uchanja. Mnunuzi wa pweza kutoka Pemba ya Msumbiji, mwanamke wa miwani ya jua na mkoba mzuri, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ambacho hakikuvunjika mguu, na anataka kujua habari za kikundi chetu kabla ya vita. Mwenyekiti wetu, bibi mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, akamnyooshea kidole ukutani. Pale palikuwa na jina la ukurasa wetu wa mtandaoni kwa rangi ya buluu iliyobabuka.

"Andika hilo kwenye simu yako utuone," bibi akasema. "Sisi si wa jana."

Mnunuzi akaandika. Uso wake ukabadilika, kisha akatugeuzia simu. Gurudumu la kamari lilikuwa linazunguka, na pembeni mwanamke mmoja, nguo yake haifiki popote, ameshika dadu. Bibi akaichukua simu, akaisogeza karibu, akaiweka mbali.

"Huyu nani?"

Kikundi kizima cha wanawake wa Palma, watu wa swala tano, kimeinamia vidole vya miguu. Ndipo somo yangu alipoangua kicheko.

"Bibi, huyo mwanachama mpya," akasema. "Bado hatujampa kanga."

Wakacheka wote, hata mnunuzi, na aibu ikatoka uani kama moshi. Mimi peke yangu sikucheka. Nilijua kilichotokea: tulipokuwa ukimbizini hakuna aliyekumbuka kuendeleza lile jina, muda wake ukaisha, mtu wa mbali akaliokota. Nilitaka kuwaeleza. Lakini nyuso zote zilikwisha kumgeukia yeye.

Niseme huyu somo ni nani. Kwetu watu wawili wa jina moja huitana somo. Mimi na yeye tulipewa jina la bibi mmoja, nyanya yake yeye na mdogo wa nyanya yangu mimi, tukazaliwa msimu mmoja katika bairro moja, mtaa mmoja, hapa Palma. Nilitangulia mimi kuzaliwa na kulichukua jina. Yeye akaja nyuma, akalivaa, likamkaa. Tangu utotoni, mtu akiita njiani tunageuka wawili, na anayeita husema, "Si wewe, mwenzio." Mara nyingi mno "si wewe" nilikuwa mimi. Yeye ana sauti ya kuimba harusini, ana maneno, ana namna ya kukaa karibu na mtu mpaka mtu huyo ajione ana thamani. Mimi nina macho ya kuona waya uliokatika.

Vita vilipotutawanya, mama na mimi tulikwenda Pemba, tukakaa ua wa ndugu. Somo yangu alivuka Ruvuma, akashona nguo Mtwara kwa fundi mmoja. Kule Pemba kulikuwa na kozi ya kompyuta kwa waliokimbia. Niliingia kwa sababu darasa lilikuwa na kivuli, nikabaki kwa sababu nilielewa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa wa kwanza katika jambo. Tuliporudi Palma nikajiambia: sasa ninacho kitu ambacho somo hana.

Kwa hiyo lile jina lilipopotea, niliona ni zamu yangu. Nikaiandikia kampuni ya mbali iliyokuwa inatupangisha jina hilo. Wakanijibu kwamba jina lina mwenyewe mpya, nijaribu kumwomba aniuzie. Nikaandika mji mkuu kuomba jina chini ya mkia wa nchi, zile herufi za mwisho za Msumbiji. Wakataka hati za kikundi. Hati ziliungua pamoja na nyumba ya katibu wetu. Yaani ili tupate jina, ilitubidi kwanza tuwe na karatasi inayosema kwamba tuna jina.

Nikawaeleza wenzangu uani, kwa chaki, nyuma ya mlango. Nikachora mti umepinduliwa: mizizi juu, mahali pamoja mbali sana na sisi, kutoka hapo matawi, kila tawi na mwenye tawi, na kila mwenye tawi anapangisha majani. Niliuchora vizuri. Bibi akautazama kwa heshima.

"Na huo mti unamwagiliwa wapi, kama mizizi iko juu?"

Nikaanza upya. Somo yangu akaweka chini ukili aliokuwa anasuka.

"Jamani, ni hivi. Kuna mtu anakupangisha jina lako mwenyewe. Ukikimbia vita, analipangisha kwa mwingine, na wageni wako wakija kukutafuta wanafunguliwa mlango na huyo."

"Aah!" ua mzima ukaitikia.

Mti wangu ulibaki mlangoni mpaka mvua ikaufuta.

Hata hivyo wazo la kuwa na mashine yetu wenyewe ya majina lilikuwa langu. Nalisema hapa wazi kwa kuwa wanaolikumbuka ni wachache. Mwalimu wa ile kozi ya Pemba alituonyesha mashine ndogo inayotoa waifai yake bila kutegemea rede, mtandao wa nje. Unaweka kurasa ndani yake, na majina ndani yake. Aliye karibu na simu anaandika jina, na mashine yenyewe inaamua jina lile liende ukurasa upi. Haiombi ruhusa popote. Niliwaambia wenzangu: kwa ulimwengu wa nje tutaendelea kuhangaika, lakini hapa mjini, soko letu, kliniki, mafundi, watu wanaotafuta ndugu zao waliorudi, kwa nini jina la duka lililo mtaa wa pili liende kuulizwa ng'ambo?

Mwalimu alinipa kompyuta kuukuu isiyo na kioo. Fundi seremala mmoja, Mmakonde wa bara aliyehamia mjini na familia yake, akatuchongea mlingoti wa mvinje. Kwa sababu ya chumvi ya hewa niliifungia mashine ndani ya boksi la barafu la wachuuzi wa samaki, nikaziba matundu kwa lami. Lilinuka dagaa kwa miezi, lakini kutu haikuingia.

Ruhusa ndiyo iliyotusumbua. Baada ya vita, mlingoti wenye antena si kitu cha kusimamisha hivihivi. Nilikwenda kwa wakubwa wa jeshi na maelezo niliyoyaandika kwa Kireno kizuri. Wakaniambia nirudi. Nikarudi, wakaniambia nirudi. Safari nyingine somo akanifuata. Kireno chake ni salamu na namba za soko. Akamuuliza kamanda, kwa Kiswahili, ametoka wapi, mama yake yu hai, anajua mwanawe anakula nini huku. Kamanda, kijana wa Nampula, akatoa simu kumwonyesha picha ya mama yake. Adhuhuri haijaadhiniwa tulikuwa na ruhusa.

Njiani kurudi somo akanishika mkono. "Maelezo yako ndiyo yaliyowalainisha," akasema.

Nilijua ananifariji, na kufarijiwa na yeye kulinichoma kuliko kushindwa.

Ukaja mjadala wa mkia. Kila jina la mtandaoni lina mkia, ule unaokuja baada ya nukta. Mimi nilikwisha kuuchagua moyoni: pwani. Nilikwisha hata kuujaribu kwenye mashine, nikauona umependeza. Siku ya kikao nikautaja. Seremala wetu akainua mkono taratibu.

"Mama, mimi pwani nimekuja. Mkisema pwani, mimi kila siku nitakuwa nabisha hodi."

Somo yangu akamuuliza, "Kwenu, kaka, nyumbani mnapaitaje?"

"Kaya."

"Na Wamwani, watu wa pwani ya Mocímboa?"

Mwanamke aliyeolewa kutoka huko akasema, "Kaya, vilevile."

"Na sisi hapa mtu akiwa kwake, bibi, hatusemi yuko kaya?"

"Tunasema," bibi akajibu.

Somo akanigeukia. "Mashine yako inaweza kusema kaya?"

Nikasema inaweza. Nikaenda kwenye mashine, nikaifuta pwani yangu, nikaandika kaya. Neno lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililoniuma. Laiti lingekuwa baya kidogo.

Majina yakaanza kumiminika. Kliniki, misikiti, kanisa dogo la watu wa bara, mafundi wa mashine za boti, wasusi. Wiki hizo za mwanzo nilikuwa na raha ambayo sijui kuieleza. Watu walinijia mimi. Walisimama mbele ya meza yangu wakasema jina wanalolitaka, nami nikaandika, likawa. Nilianza kuvaa vizuri kwenda pale mezani.

Kisha wakaja wapika vitumbua. Wa kwanza, binti aliyeolewa karibuni, alichukua vitumbua.kaya, na kila aliyeandika neno hilo akauona ukurasa wake. Baada ya siku chache akaja mama mmoja wa mtaa uleule, macho mekundu. Amepika vitumbua kwenye kona ile tangu yule binti hajajua kushika upawa.

"Aliyetangulia ametangulia," nikamwambia. "Ndiyo sheria ya mtandao dunia nzima."

Nililisema kwa ukali uliozidi shauri lenyewe. Katika maisha yangu kitu pekee nilichowahi kumtangulia somo ni kuzaliwa, na sheria ya aliyetangulia niliipenda kama mtu anavyopenda ndugu wa damu.

Somo alikuwa amekaa mlangoni. "Lakini somo," akasema, "yule wa kamari si naye alitangulia? Sisi tumekimbia, yeye kawahi."

"Sasa unataka nifanyeje? Jina ni moja."

"Jina la kitu si la mtu. Anayeandika vitumbua ana njaa, hana kesi. Mwonyeshe wapishi wote, achague mwenyewe. Kama mtu anataka jina la peke yake, aandike na lake: vitumbua vya fulani."

Yule mama akapangusa macho. Hata binti alikubali, maana nusu ya wateja walikuwa wameanza kumsema vibaya. Kanuni ikapita siku ileile: jina la kitu ni la wote wenye kitu hicho, jina la mtu ni la mtu, na wakigongana linaongezwa la nyumba. Kuitamka ilikuwa pumzi moja. Kuifanya mashine iitii ilikuwa kazi ya kuinamisha mgongo, siku nyingi, mimi na vitabu vya Kiingereza ambavyo nilikuwa navisoma kwa kubahatisha. Ilipofanya kazi watu wakaipa jina: sheria ya somo. Hawakuwa wanamaanisha mimi.

Wakati wa chakula mama yangu akasema, kwa wema tu, "Mwenzio ana akili ya kuwaweka watu pamoja."

"Na mimi?"

"Wewe una akili ya mashine."

Nikalirudisha tonge sahanini. Mama hakuona kitu. Akanisogezea mchuzi.

Habari za kaya zikasafiri, sijui kwa njia gani, mpaka Maputo. Ikaja barua pepe ya mwaliko: kuna mkutano wa watu wanaoshughulikia mambo ya mtandao nchini, tungependa kumsikia Senhora fulani wa Palma. Na hapo likaandikwa jina letu. Letu, mimi na somo. Hakuna la baba, hakuna la nyumba. Nafasi ya mtu mmoja, tiketi ya mtu mmoja.

Niliisoma mbele ya kikundi, Kireno kwanza kisha Kiswahili, na nilipofika kwenye jina nikalisoma mara mbili. Kabla mtu hajasema kitu nikasema, "Aliyeandikwa hapa ni mwenye mashine."

Bibi akanitazama, akamtazama mwenzangu. Nilimwona anapima. Sijui angesema nini, maana somo hakumpa nafasi.

"Ni wewe, somo, nani mwingine? Nenda. Mimi nipande ndege nikawatapikie watu?"

Wakacheka. Likawa limekwisha. Nilipata nilichotaka, na sikuweza kukifurahia, kwa sababu kilichokuwa changu nilikipokea kutoka mkononi mwake, kimeshamenywa.

Maputo nililala chumba chenye baridi ya mashine, na asubuhi nikasimama mbele ya watu wenye vitambulisho vifuani. Nikaeleza boksi la barafu, mlingoti, sola. Waliniitikia kwa adabu. Nilipofika kwenye vitumbua ukumbi ukaamka. Mikono ikainuka huku na huku. Mama mmoja wa nywele nyeupe akauliza, "Kanuni hiyo aliibuni nani?"

"Mwenzangu."

"Yupo hapa?"

"Hayupo."

"Aa, pole," akasema, na kweli alikuwa anasikitika. Nimesafiri nchi nzima kutoka kaskazini mpaka kusini, na huko nako ni "si wewe, mwenzio."

Wakati wa chai akanijia bwana mmoja wa ofisi inayohusika na majina. Alikuwa mpole, mchovu kidogo, ameshika kikombe na simu mkono mmoja. Akaniambia mkia wetu ni mzuri lakini hautambuliwi popote nje ya mlingoti wetu. Tukiuacha, yeye anaweza kutusaidia tupate tawi halali chini ya mkia wa nchi, bila usumbufu wa zile hati.

"Ila lazima pawe na mhusika mmoja," akasema. "Tutaandika jina lako. Majina ya huko yatapitia kwako."

Nililiona. Jina langu, limeandikwa mahali pa haki, na pembeni yake hakuna mtu mwingine.

"Nitakwenda kuwauliza wenzangu," nikasema.

"Uwaulize? Mashine si yako?"

Nikanywa chai, na chai ilikuwa na sukari nyingi.

Nilirudi Palma nikiwa nimeupanga ujumbe wangu vizuri. Uani nikamkuta bibi na wengine wawili, lakini somo hakuwapo.

"Yuko kaskazini, Kionga," bibi akasema. "Amewapelekea kaya."

"Amewapelekea nini?"

Kesho yake somo akarudi kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimngoja pale barabarani. Nilijua sitaki kumngoja mahali penye kiti. Akanieleza akiwa bado anakung'uta kanga: watu wa Kionga walikuja kuomba, kuna professora, mwalimu wa kike wa shule ya msingi, mwenye kompyuta ya zamani, basi yeye akatoa nakala ya mashine yote kwenye memori kadi, akaenda nayo. Tangu sasa majina ya Kionga yanaamuliwa Kionga. Mwanamke anayechukua pweza huku na kule atabeba memori kadi, sisi tuwe na yao, wao wawe na yetu.

"Nani amekuruhusu?"

"Waliomba."

"Waliniomba mimi?"

"Hukuwepo."

"Si nilikuwa narudi!"

Akaacha kukung'uta kanga. "Somo, watu wanataka kujipa majina yao. Niwaambie wangoje mpaka wewe urudi? Basi tofauti yetu na wale wa mbali ni ipi, zaidi ya kwamba wewe uko karibu?"

"Umewapa kazi yangu."

"Nimewapa nakala. Yako iko palepale ndani ya boksi."

"Umenitupia Maputo ili uchukue Kionga."

Hapo nilimwona ameumia. Alishika kiti cha pikipiki iliyokuwa bado inapoa pembeni yetu.

"Maputo sikukupa mimi," akasema. "Ilikuwa yako. Ulikuwa unataka mtu aseme mbele za watu, nikasema."

Akaondoka. Nililia pale barabarani, na wapita njia wakanipa pole ya msiba.

Siku ya kikao nikawasilisha yale ya Maputo. Somo alikaa mwisho, hakunitazama. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Tukikubali, Kionga nao watapata?"

"Watapata. Wataniandikia mimi, mimi nitawaombea."

Nikalisikia likitoka mdomoni mwangu. Nadhani kila mtu alilisikia, hata somo, ambaye angeweza kunikumbusha ya barabarani na hakunikumbusha.

"Mwandikie tunashukuru," bibi akasema. "Kwa sasa tutakaa na letu."

Nikamwandikia. Yule bwana akanijibu kwa adabu kwamba mlango uko wazi. Sikuifuta barua yake. Kuna siku huifungua nikaisoma.

Kwa wiki kadhaa mimi na somo tulisemeshana kwa kupitia bibi. "Mwambie mwenzako sola ina kivuli cha mpapai." "Mwambie mwenzako mpapai nitaukata." Bibi alifikisha ujumbe wote kwa uso usiocheka, ingawa tulikuwa tumekaa mkeka mmoja.

Masika yalipokolea, alasiri moja radi ikapiga mlingoti. Nilifika nikakuta boksi limepasuka, na kwa mara ya kwanza halikunuka dagaa. Lilinuka plastiki iliyoungua. Nakala yangu ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani, na kompyuta ya mezani ilikuwa kwenye waya uleule. Nayo ilikuwa imekufa. Majina yote ya Palma, kliniki, mafundi, wale waliojiandikisha ili ndugu zao wawapate, yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu duniani, nako ni Kionga.

Nilikwenda mwenyewe. Sikumtuma mtu, na somo hakujitolea. Pikipiki ilinipitisha kwenye minazi na madimbwi mpaka shuleni, nikamkuta professora: mwembamba, mwenye haraka, bado ana chaki vidoleni. Mashine yao wameiweka ndani ya kabati la mbao darasani. Akanifungulia. Majina yetu yalikuwamo yote, hakuna lililokosekana. Lakini kulikuwa na kitu kingine, alama ndogo ya sikio pembeni mwa kila jina la Kionga. Nikaibonyeza. Ikatoka sauti ya mzee: "Hapa ni kwangu, nanoa majembe na mapanga, karibu."

"Wengi hapa hawasomi," professora akasema. "Nikaona kila mwenye jina alitamke mwenyewe."

Sikuwahi kulifikiria. Nimeishi na mama asiyejua kusoma maisha yangu yote, na sikulifikiria. Nilikuja Kionga na wivu wa mtu mmoja, sasa wa kuonewa wivu walikuwa wawili.

"Tumekuwa tukikungoja," akaendelea. "Somo yako alisema kila kitu humu umekijenga wewe. Ndiyo maana wanafunzi wameipa mashine jina lako."

"Ni jina lake pia."

"Ee, lakini yeye alisema ni lako."

Hata hapo nilijaribu kutafuta ubaya ndani yake. Nilijiambia, anajionyesha ukarimu. Nilijiambia, ni rahisi kugawa cha mwenzio. Niliutafuta njia nzima ya kurudi, memori kadi imefungwa kwenye pindo la kanga, na minazi ikaisha sijaupata.

Mashine mpya tuliipata kwa tabu, lakini tuliipata. Siku ya kusimamisha mlingoti upya, safari hii na waya wa kushusha radi ardhini, nilikuwa juu ya ngazi, na ngazi ikayumba. Somo akaikamata.

"Shikilia chini zaidi," nikamwambia.

"Hapa?"

"Hapo."

Ndiyo yaliyokuwa maneno yetu ya kwanza. Hatukuongeza mengine siku ile. Jioni alikuja kwetu na sahani ya wali wa nazi, akakaa, na mama akafurahi kupita kiasi, kama kawaida yake.

Mwaka huu ndugu wa seremala wetu walioko Mute wametuma salamu kwamba nao wanataka kaya. Kikundi kikaamua twende wawili, mimi kwa mashine na somo kwa watu. Mute ni kijiji cha barabarani, watu wa mihogo na mahindi, na tulifika wakati wa kumenya. Wanawake walikuwa wamekaa duara, mihogo mieupe imelundikana katikati. Nilifunga antena juu ya paa la nyumba ya kusagia. Somo akakaa na wanawake, akaanza maneno yake, kuhusu mtu wa mbali anayekupangisha jina lako.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mfupi, kisu mkononi. Somo hajamaliza, yeye akamkatiza.

"Ndiyo kusema jina ni kama shamba la mihogo. Ukilima peke yako nguruwe wanakumaliza. Mkilima pamoja mnalinda kwa zamu."

Wanawake wakaangua kicheko na vigelegele, wakamgeukia yeye. Mmoja akamuuliza jambo, akajibu, wakacheka tena. Akaanza kugawa kazi: wewe utatunza majina ya upande wa juu, wewe upande wa barabara, yule ana sauti nzuri atarekodi. Hakuna aliyemtazama tena somo yangu.

Mimi kutoka juu ya paa nilimtazama. Alikuwa ameshika muhogo nusu umemenywa. Anatabasamu, lakini tabasamu limesahauliwa usoni kama nguo kwenye kamba. Niliijua sura ile. Nimeivaa miaka mingi, ila sikuwahi kuiona kwa mtu mwingine.

Akainuka, akaja chini ya paa kama aliyekuja kunipa koleo.

"Yule mama," akasema kwa sauti ya chini, "ana kimbelembele."

"Ana akili," nikamwambia.

"Anajidai."

"Mfano wake umezidi wako."

Akaniinulia macho, na nilidhani atakasirika. Badala yake akacheka, akaziba mdomo kwa kanga ili wale wasisikie, nami huku juu nikacheka mpaka nikashika mbao. Tulicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Yule mama mfupi akageuka kutuuliza kuna nini. Hakuna kitu, tukamwambia. Akasema basi tuharakishe, kwa sababu wao wako tayari, wanangoja mashine tu.

Nikamwomba somo anirushie koleo.